Naomba ushauri: rangi ya Sudani Bleki inanigomea
Wakuu, shikamooni wakubwa. Nipo maabara ya hospitali moja hapa Mbeya. Tumepata slaidi ya damu ya kijana mwenye blasti (seli changa za damu) tele. Kwa rangi ya kawaida ya Giemsa sikuona vijiti vya Aueri (alama ya blasti za mayeloidi), hivyo siwezi kusema ni lukemia (saratani ya damu) ya mayeloidi au ya limfoblasti. Nikapaka Sudani Bleki B, inayotia weusi chembechembe za seli za mayeloidi. Blasti hazikushika rangi, sawa, lakini hata neutrofili (seli nyeupe za mayeloidi) zilizokomaa, ambazo zingepaswa kujaa chembechembe nyeusi, zimebaki hafifu! Hapo kipimo chenyewe kimefeli, hilo siyo jibu. Kile kigezo cha angalau asilimia 3 ya blasti kushika rangi, ndipo iitwe ya mayeloidi, hata sijakigusa.

Kipimo cha peroksidesi, kimeng'enya cha seli za mayeloidi, sina, na slaidi zimekaa siku kadhaa; kimeng'enya hicho hufifia upesi, Sudani ndiyo huvumilia. PAS (rangi ya kuonyesha glaikojeni ndani ya seli) ninayo, ila kuitegemea peke yake naogopa.

Hiyo Sudani niliichuja, lakini chupa ina mashapo mengi, na baridi ya huku Juni mnaijua. Nitengeneze upya kwa ethanoli ya asilimia 70, au niongeze tu muda wa kuloweka? Mlioko Iringa na Njombe, slaidi ya kulinganishia mnaitoa wapi? Sampuli nyingine imeondoka jana na basi la alfajiri kwenda Dar, ila daktari ananiuliza kila saa.