Tupeane uzoefu: fenda za plastiki, kutu na rangi ya pikapu zetu Mombasa

Dmax_Bamburi
Salaam wakubwa. Tairi nilizovisha zimetoka nje ya bodi, zinapiga kokoto ubavuni mpaka mlangoni. Nataka kufunga zile fenda pana za plastiki za kufunika tairi. Fundi wa Kongowea asema atoboe bodi, akaze skrubu, nisubiri hapo hapo. Lakini Hilux ya jirani yangu imevimba rangi pale pale zilipofungwa. Mliokaa nazo kusi na kaskazi, tuambieni.

Bodi_Changamwe
Nanyosha bodi na kupiga rangi, kwa hiyo mimi nazijua kwa kuzifungua. Nyuma ya plastiki hukuta mchanga umeshindiliana, mbichi, hata jua la Februari likiwaka. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani bila kungoja mvua. Gari likitikisika, plastiki nayo yasugua, mchanga unafanya kazi ya msasa: inaliwa rangi, praima (rangi ya msingi), kisha chuma. Ndiyo maana hata fenda za kubandika bila skrubu huacha kutu.

Ukilazimika kutoboa, lainisha mdomo wa tundu, paka praima yenye zinki, ikauke, ndipo rangi. Hapo pa kukauka ndipo kazi huharibika, maana mwenye gari amesimama na funguo mkononi. Skrubu za stenlesi ni nzuri, ila ziwe na washa za nailoni, vile viduara vya kukaa chini ya kichwa cha skrubu. Stenlesi ikigusa chuma kitupu penye maji ya chumvi, kinacholiwa ni chuma cha bodi.

UmmuRayyan
Yetu hubeba samaki kutoka Gazi, na maji ya barafu yanachuruzika hadi kwenye tairi za nyuma. Bwana ameifundisha nyumba nzima: gari likirudi, mpira wa maji unaingizwa kwa chini, nyuma ya fenda, mpaka yatoke meupe. Kuosha kwa juu ni kupendezesha macho tu. Na muulize muosha magari maji yake ni ya wapi! Visima vingi huku vina chumvi. Unalipa pesa kuongezewa kutu.

Mchukuzi_Jomvu
Nilinunua pikapu kwa mtu, fenda zimezibwa silikoni pande zote, nikaona huyu muungwana kajali gari lake. Kufungua, ukingo wa bodi unamomonyoka kwa kucha. Bodi_Changamwe, silikoni si ndiyo kinga?

Bodi_Changamwe
Ilinuka siki ilipopakwa? Ile inayonuka siki hutoa asidi ikikauka, na asidi juu ya chuma kitupu ni kutu tayari. Ipo isiyonuka, tumia hiyo. Halafu ziba juu tu. Chini acha wazi, maji yaliyoingia yapate pa kutokea.

Likoni_Kwetu
Mie sikuziba popote. Nilibandika plastiki nyembamba angavu, ile ya kulinda rangi, kwenye bodi yote inayoguswa na raba ya ukingo wa fenda. Raba yachakaa, plastiki yachubuka, rangi iko. Kabla ya kubandika osha, kausha, pangusa kwa spiriti. Punje moja ya mchanga ikibaki chini, umefunga adui ndani. Mzee wangu yeye hupaka oili chafu ya injini.

Bodi_Changamwe
Mwambie mzee, kwa heshima, oili hiyo inavimbisha raba na kushika vumbi. Kuna nta ya kupuliza ndani ya bodi, hiyo ndiyo kazi yake.

Dmax_Bamburi
Shukran. Nimeuliza dukani, zipo zinazoshikwa na matundu ya kiwandani, bei juu kidogo. Nachukua hizo, na plastiki ya Likoni_Kwetu chini yake. Swali lililobaki: mnazivua kila baada ya muda gani?

UmmuRayyan
Sisi kabla ya masika na baada yake. Hakikisha una klipu za akiba, kuukuu hukatika.