Mjadala: Mchoro wa Azimio la Uhuru wa Marekani ubaki Bungeni kama ulivyo, au uwekewe maelezo ya utumwa?

Mtoa mada:

Wakuu, heshima kwenu. Aliyewahi kushika noti ya dola mbili, ile adimu, ameuona mchoro huu nyuma yake: ukumbi umejaa wanaume, watano wamesimama mbele ya meza, yule mrefu wa katikati anaweka karatasi. Umechorwa na John Trumbull. Mchoro mkubwa wenyewe, kimo futi 12 na upana futi 18, umo katika ukumbi wa kuba wa Capitol, jengo la Bunge la Marekani, tangu 1826. Bunge lilimlipa dola 32,000 kwa michoro minne.

Mwaka 2019 mtengeneza filamu mmoja wa Chicago alichukua picha ya mchoro huo akabandika doa jekundu kwenye uso wa kila aliyemiliki watumwa. Kati ya nyuso 47, 34 zikafunikwa. Ndipo ubishi ulipopamba moto.

Mimi nasema ubaki, ila uwekewe maelezo. Wanaosema tusiiguse historia wanasahau kwamba mchoro huu umetungwa. Si tukio la kutia saini Julai 4 kama wengi wanavyodhani. Ni kamati ikiwasilisha rasimu ya Azimio, Juni 28, 1776. Watu hao hawakuwahi kukutana wote chumbani siku moja. Trumbull aliuanza akiwa mgeni wa Thomas Jefferson, mwandishi wa rasimu hiyo na ndiye yule mrefu wa katikati, huko Paris, 1786. Jefferson akamchorea ramani ya chumba kwa kumbukumbu tu, na milango ikakaa pasipo pake. Kisha msanii akahangaika miaka kusaka sura moja moja. Benjamin Harrison wa Virginia, mmoja wa waliotia saini, alikuwa keshafariki, basi akachorwa kwa sura ya mwanawe! Ikiwa mwana anaruhusiwa kukaa kitini kwa baba, kibao kidogo ukutani kinamkera nani?

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, naomba kutofautiana nawe. Unawahukumu watu wa karne ya 18 kwa macho ya leo. Utumwa kwao ulikuwa kawaida, hakuna aliyeuona kuwa tatizo.

Mtoa mada:

Hakuna? Watumwa wenyewe je? Tuwaache hao kwanza, tuitazame karatasi iliyo mkononi mwa Jefferson pale katikati. Rasimu ile ilikuwa na aya nzima ya kumshutumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa. Aliyeiandika alimiliki mamia ya watu maishani mwake, na siku chache baadaye Kongresi, yaani bunge lao la wakati huo, ikaifuta aya hiyo. Kwa hiyo walijua, wakaandika, wakafuta. Hayo si macho ya leo hata kidogo.

Mchangiaji wa pili:

Mnabishana kana kwamba Mweusi hakuchorwa kabisa enzi hizo. Huyo huyo Trumbull, 1780, alimchora George Washington, jenerali aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, amesimama kifua mbele, na nyuma yake, pembezoni karibu na farasi, yupo William Lee, mtumwa wake, kavikwa kilemba. Picha ipo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kilemba kile ni pambo la kumpa bwana hadhi. Ila Lee alikuwa naye vitani miaka yote, na ndiye pekee aliyepewa uhuru mara moja katika wosia wa Washington wa 1799.

Tena kuna Moses Williams wa Philadelphia, aliyezaliwa mtumwa katika nyumba ya mchoraji Charles Willson Peale. Watoto wa Peale walifundishwa rangi na brashi; yeye akaachiwa mashine ya kukata vivuli vya nyuso kwenye karatasi. Alikata maelfu, kwa senti chache kila kimoja, na alikuwa fundi kwelikweli. Kwa miaka mingi vivuli hivyo vilisifiwa kama kazi ya jumba la makumbusho la Peale, jina lake halitajwi.

Mchangiaji wa tatu:

Kwangu mchoro ushushwe kabisa. Maelezo nani anasoma? Watalii wanapiga selfi na kusonga mbele.

Mtoa mada:

Ukishushwa unaenda stoo, na habari ya ile aya iliyofutwa inaenda nao. Mimi nataka mtoto wa shule anayepita pale asome mistari miwili: kilichokuwa kwenye karatasi ile, na waliokiondoa. Anayepinga kibao hicho atupe sababu moja nje ya "tutawaudhi mababu", tuijadili hapa hapa.