Waifai ya hospitali: kila kifaa kijitegemee au tununue kontrola, mtambo mmoja wa kuviongoza vyote?

Mwanagenzi22: Wakuu, naombeni ushauri. Nasimamia mtandao wa hospitali binafsi hapa Dar, aksesi pointi (vifaa vya kurusha waifai) 22, ghorofa nne. Kila moja ina mipangilio yake. Kubadilisha neno la siri tu ni kuingia moja moja, siku inaisha. Bosi anataka jibu Jumatatu. Silali.

Nyundo: Kontrola, mkuu. Mwaka 2017 udhaifu wa KRACK kwenye WPA2, ulinzi wa waifai, ulipotangazwa, nilikuwa chuoni na vifaa 40 vya kujitegemea. Nilivisasisha kimoja kimoja, usiku nne.

Mama Shufaa: Mimi naona wagonjwa wasipewe waifai kabisa. Nilipolazwa, wa kitanda cha pili aliangalia video mpaka alfajiri. Mgonjwa alale.

Kitunguu: Mbona Jumatatu? Kuna jambo hujasema.

Mwanagenzi22: Sawa. Kifaa cha korido ya maabara kiling'olewa wiki iliyopita. Na neno la siri ni moja, madaktari na wageni.

Nyundo: Ndugu yangu! Kifaa cha kujitegemea hubeba neno la siri tumboni. Mwenye nalo akikaa maegesho akanasa mawimbi ya kompyuta ya daktari inapojiunga na waifai, anaweza kusoma data isiyofichwa kwa ulinzi mwingine. Vingi vya kontrola huchota mipangilio vinapowashwa, kwa hiyo mwizi hapati mengi. Badilisha leo. Halafu weka RADIUS, seva ya kuhakiki watumiaji, kila mfanyakazi aingie kwa jina lake, wageni uwatenge kwenye VLAN yao, yaani mtandao wao pembeni.

Mwanagenzi22: Kontrola ikizima je, hospitali nzima gizani? Tena nimeshalipa nusu ya vifaa kumi vingine vya kujitegemea. Bei ilikuwa nzuri.

Nyundo: Ndiyo maana huwekwa mbili. Muulize muuzaji kama modeli hiyo hubadilishwa programu ikae chini ya kontrola, zipo zinazokubali.

Kitunguu: Hii chai. Mtu ang'oe kifaa darini, koridoni, asionekane? Na mwaka jana uliuliza hilihili ukiwa hotelini.

Mwanagenzi22: Hotelini niliacha kazi. Huku hakikuwa darini, kilifungwa ukutani kimo cha bega, skrubu mbili. Matundu bado yapo.

Mama Shufaa: Mwanangu, majibu yetu ya vipimo yanapita humo?

Mwanagenzi22: Yanapita, mama. Nimefika getini sasa hivi, naanza na ghorofa ya maabara.