Mnarusha ndege bure, gharama naletewa mimi

Jamani nimechoka. Leo naandika kwa hasira na radhi siombi.

Kundi letu la FlightGear, ile programu ya bure ya kuigiza urushaji wa ndege kwenye kompyuta, hapa Malindi lina watu sitini na kitu. Kila jioni ni picha: huyu ameruka na kindege cha Cessna 172, yule ametua uwanja wa Manda kule Lamu jua linazama, mwingine analalamika eti mikoko ya Manda imesimama kama vilima. Mbona isisimame? Vipimo vya mwinuko vilichukuliwa na rada kutoka angani Februari 2000, na rada ile haikutofautisha jani na udongo. Ilipiga vichwa vya mikoko, ikahesabu ardhi iko hapo. Sasa lazima mtu akae aishushe kidogo kidogo, achore upya mkondo wa Mkanda kwa data ya OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, kisha aunde mandhari upya. Mtu huyo ni mimi. Na mashine ni laptopu ya dada yangu, RAM GB 4, kitufe cha M kimeng'oka, nabonyeza kwa ncha ya kalamu.

Ndani ya programu dunia nzima imekatwa vipande vya digrii moja kila upande, kila kimoja na jina lake. Lamu iko e040s03, Malindi e040s04. Vipande viwili tu, vimenitoa jasho! Wiki jana nilianzisha cha Lamu saa tatu usiku. Alfajiri nakuta kazi imekufa njiani, kumbukumbu imejaa. Nikapunguza mzigo, nikaanza tena. Saa tisa mchana stima ikapotea, na betri ya laptopu ile ilishakufa kitambo. Bado sijataja toleo jipya la programu, ambalo mimi hulijenga mwenyewe kutoka msimbo wake wa lugha ya C++. Nikiruhusu kazi nne kwa mpigo mashine inaganda. Nikiruhusu moja, nalala, naamka, naswali, nanywa chai, bado inahesabu.

Nikaomba mchango. Sikuomba gari. Mia mbili mia mbili kila mmoja, tununue RAM na diski ya nje, tukodi na seva ndogo. Sitini mara mia mbili ni elfu kumi na mbili. Mliotuma ni wanne! Mmoja alituma hamsini na ujumbe, "Pole kaka, mwezi uko kona." Huyo namheshimu. Nyinyi wengine mlinitumia vidole gumba, na kesho yake mkauliza kipande cha Lamu kiko wapi.

"Kwani si ni bure?" Ni bure, ndiyo. Leseni yake ya GPL inakuruhusu kuitumia, kuibadilisha, hata kuiuza, na wapo walioibandika jina jingine wakawauzia wasiojua. Lakini leseni hainunui tokeni za stima. Tangu 1997 programu hii inabebwa na watu wa kujitolea, mmoja baada ya mwingine, wengi mkiwatumia bila hata kujua majina yao.

Nikapeleka barua kwenye ofisi moja inayotoa pesa za vijana. Karani akasoma mstari wa kwanza, akacheka: "Hizi gemu tena?" Gemu! Hapo Ngomeni Waitaliano walirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini. Leo kijana wa Malindi akitaka kuelewa upepo wa ubavu unavyoipeleka ndege pembeni wakati wa kutua, anaambiwa anacheza.

Basi kazi ya Lamu nimeisimamisha. Laptopu nimemrudishia dada, ana mitihani. Faili za Malindi ziko kwenye flashi yangu, na kwa bando langu sipandishi kitu tena mtandaoni. Anayezitaka aje Jumamosi baada ya Alasiri, na flashi yake mkononi. Wale wanne nitawapelekea mwenyewe hadi mlangoni.