Majibu safi, tumbo linauma

Kikundi: WAJUKUU WA BIBI NA WAKUBWA WAO

JUMATATU

Rehema: Shikamooni wakubwa. Majibu ya altrasaundi yametoka. Ini safi, figo safi, kizazi safi, nyongo haina mawe. Tumbo linauma vilevile.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi kwa majibu. Pole lakini.

Rehema: Asante shangazi. Nimeanza kulichukia hilo neno safi.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Hiyo taifodi. Kapime Widali tena.

Rehema: Mjomba, Widali napimwa kila nikiingia mlango mpya. Leo ipo, kesho haipo. Dozi nimemeza mpaka basi.

Salma: Shikamoo mjomba. Widali moja peke yake haisemi kitu. Inatafuta askari wa mwili, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu ugonjwa wa zamani, au wameletwa na maambukizi mengine kabisa. Ukiitaka taifodi yenyewe, damu inaoteshwa maabara. Halafu taifodi ina homa. Rehema, umepata homa?

Rehema: Hata siku moja.

Mjomba Hamisi: Marahaba muuguzi wetu. Basi ni vidonda vya tumbo. Mawazo ya kazi hayo.

Idrisa: Mjomba, vidonda vingi haviletwi na mawazo, kuna bakteria. Barry Marshall, daktari wa Australia, aliwanywa hao bakteria mwaka 1984 ili wenzake waamini. Akaugua tumbo kweli. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobeli.

Shangazi Mwajuma: ALIWANYWA? Mama yake alikuwa wapi?

Mjomba Hamisi: Haya, apimwe hao bakteria.

Rehema: Nilipimwa kwa choo. Hawapo.

Salma: Ulipopimwa ulikuwa unameza omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni?

Rehema: La. Waliniambia niiache wiki 2 kabla.

Salma: Afadhali, maana omeprazoli inawaficha. Jibu hilo tunaweza kuliamini. Na kamera je?

Rehema: Nimeshamezeshwa mpira wa kamera. Safi 😒

Salma: Sawa. Weka vyeti pembeni, nijibu kama mtu ambaye hajawahi kupimwa. Umepungua uzito bila kutaka? Unatapika? Choo kina damu, au ni cheusi? Macho yamekuwa ya manjano? Umewahi kuambiwa damu imepungua? Maumivu yanakuamsha usiku?

Rehema: Hapana kwa yote. Usiku naamka pale ninapojigeuza tu.

Salma: Ngoja. Ukijigeuza?

Rehema: Nikijigeuza kuelekea upande wa kulia. Hata nikiinuka kitini, au nikikohoa. Nikilala chali nimetulia, sina shida.

Salma: Ukila je? Na ukienda choo linapungua au linazidi?

Rehema: Kula hakubadilishi kitu. Choo hakibadilishi kitu.

Neema: Da Salma, usisahau hedhi. Mimi altrasaundi zangu zilikuwa safi hivihivi, kumbe endometriosisi, vinyama kama vya utando wa ndani ya mji wa mimba vimeota nje yake. Walikuja kuviona kwa upasuaji wa matundu. Kabla ya hapo nilishaambiwa kila mwanamke anaumwa, nivumilie.

Salma: Asante Neema, na wala si ugonjwa wa nadra. Inakadiriwa ni mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Rehema?

Rehema: Langu halifuati mwezi. Lipo tarehe zote.

Salma: Basi nionyeshe panapouma. Kidole kimoja, si kiganja. Piga picha unitumie mimi pembeni, usiweke hapa.

Mjomba Hamisi: Ndiyo, msiweke hapa.

Salma: Nimeiona. Kulia kwa kitovu, chini kidogo. Ni hapo tu?

Rehema: Hapo tu. Ncha ya kidole inapafunika pote. Nikifinya ngozi ya hapo inauma, nikifinya upande wa pili wala.

Salma: Kuna daktari aliyekwambia uonyeshe kwa kidole kimoja?

Rehema: Wanauliza juu au chini. Nasema chini. Wanaandika.

Salma: Sasa nisikilizeni, nitaandika kirefu. Tumbo si matumbo peke yake. Kuna ukuta: ngozi, mafuta, misuli, na neva zinazotoka mgongoni, zinazunguka ubavuni na kuja mbele. Ili zifike kwenye ngozi, neva hizo hupenya katika tundu dogo kwenye msuli ulionyooka kutoka mbavuni hadi kinenani. Neva ikibanwa pale, mtu anaumwa "tumbo" na ndani hamna kitu. Altrasaundi haikuzoea kuitafuta, na kamera inapita upande wa ndani kabisa. Ndiyo maana watu huzunguka na mafaili.

Salma: Kuna namna ya kupima bila mashine. Ilielezwa mwaka 1926 na John Carnett, daktari wa upasuaji wa Philadelphia. Mgonjwa analala chali, daktari anabonyeza pale panapouma zaidi. Bila kuondoa kidole, anamwambia ainue kichwa na mabega bila kujisaidia kwa mikono. Misuli inakaza. Ugonjwa ukiwa ndani, misuli inaukinga na maumivu yanapungua. Ukiwa kwenye ukuta, yanabaki vilevile au yanazidi.

Idrisa: Nimejaribu sebuleni. Langu haliumi.

Shangazi Mwajuma: Wewe nani kakuuliza?

Rehema: Mimi pia nimejaribu. Nimetoka machozi.

Salma: Pole mdogo wangu. Hilo si jibu la mwisho, mimi siko hapo kukushika. Nenda kwa daktari wa upasuaji. Usianze na "naumwa tumbo", maana utarudishwa kwenye Widali. Andika karatasi moja: panauma wapi, ukifanya nini panazidi, nini hakibadilishi kitu, vipimo vyote na tarehe zake, dawa zote ulizomeza. Kisha umuulize waziwazi kama yanaweza kuwa ya ukuta wa tumbo.

Mjomba Hamisi: Yaani mashine zote zile zimeshindwa na kidole?

Salma: Hazijashindwa mjomba. Bila vyeti hivyo nisingethubutu kusema habari ya ukuta. Vimeshatuondolea mawe, vidonda na mengine mengi.

IJUMAA

Rehema: Jamani.

Neema: Sema!

Rehema: Amesoma karatasi yote, kimya. Akanilaza, akabonyeza, akaniambia niinue kichwa. Nikapiga kelele. Akaweka alama ya kalamu, akachoma sindano ya ganzi palepale. Baada ya dakika chache akaniambia niinuke. Nimeinuka. Nimekaa. Nimeinuka tena. HAKUNA KITU.

Shangazi Mwajuma: 😭😭 Mwanangu!

Salma: Hapo ndipo jibu lilipo. Ganzi ikiyazima kwa kuchomwa sehemu moja tu, neva ndiyo mshukiwa wa kwanza. Amekwambia inaweza kurudi?

Rehema: Ndiyo. Ganzi ikiisha yanaweza kurudi, watu wengine huchomwa mara kadhaa, wengine hufikia kufanyiwa upasuaji mdogo. Usiku yamerudi kidogo, lakini sasa najua ni nini. Naweza kulala na kitu ninachokijua.

Mjomba Hamisi: Hongera mama. Salma, swali dogo. Ule weusi wa choo uliomuuliza Rehema. Mweusi kiasi gani?

Salma: Kama lami. Kinanata, na harufu yake unaijua kuwa si ya kila siku. Kwa nini mjomba?

Mjomba Hamisi: Nauliza tu.

Shangazi Mwajuma: Hamisi.

Mjomba Hamisi: Ni tangu juzi. Tumbo lenyewe haliumi sana.

Salma: Unameza vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma? Vinaweza kukitia weusi.

Mjomba Hamisi: Sinywi hivyo. Nameza diklofenaki za magoti tu. Asubuhi na jioni.

Salma: Kwa muda gani?

Mjomba Hamisi: Tangu magoti yaanze.

Salma: Mjomba, dawa hizo zinachimba vidonda tumboni, na vinaweza kuvuja damu bila kuuma. Damu hiyo ikipita kwenye matumbo inatoka nyeusi. Ukisimama unapata kizunguzungu?

Mjomba Hamisi: Kidogo. Nilidhani jua.

Salma: Hospitali sasa hivi, upande wa dharura, si kesho. Usimeze kidonge kingine. Na usiendeshe gari mwenyewe.

Idrisa: Nimeshawasha gari, mjomba. Kaa hapo hapo.

Mjomba Hamisi: Nilisema mimi, vidonda vya tumbo.

Salma: Ulisema mjomba. Beba pakiti ya dawa waione.

Shangazi Mwajuma: Idrisa, akikwambia anataka kuoga kwanza, usimsikilize.