Farasi wote walichanjwa, mmoja katupa mimba mwingine anayumba. Ugonjwa umepita wapi?

Mchungafarasi_Jinja
Habari zenu wakubwa. Nachunga farasi huku karibu na Jinja, wako tisa. Wiki iliyopita jike mmoja katupa mimba ya miezi tisa, jioni alikula vizuri kabisa, asubuhi tunakuta mtoto chini amekufa. Juzi sasa mwingine anaburuta miguu ya nyuma, kwenye tope unaona mistari tu badala ya alama za kwato, mkia umelegea, mkojo unadondoka wenyewe. Bosi anasema sumu, jirani anasema wametupiwa kitu. Daktari wa mifugo anashuku hepesi ya farasi, akachukua sampuli akaondoka mbio. Mimi swali langu ni moja, walichanjwa wote na hatujaleta farasi mgeni tangu mwaka jana, hiyo hepesi imetokea wapi??

VetiMtarajiwa
Niko Makerere mwaka wa nne kwa hiyo daktari wako ndiye wa kusikilizwa kwanza. Ila hizo dalili mbili kwa pamoja zinanukia EHV-1, ndiyo hiyo hepesi ya farasi.

Ssebo, unajua ekisipi, mkanda wa jeshi? Mtu aliugua tetekuwanga akiwa mtoto, kirusi kikajificha kwenye mishipa ya fahamu, uzeeni kinatoka tena. Hiki cha farasi ni ndugu yake. Farasi wengi wanakipata wakiwa wadogo, wanatoa kamasi kidogo wanapona, kumbe kirusi kimelala kwenye fundo la neva karibu na fuvu na pia ndani ya chembe nyeupe za damu. Kikilala hakitengenezi karibu chochote, sasa kinga itamkamata nani?

Kikiamka kinaanzia puani, kinaingia kwenye matezi, halafu hapo ndipo ujanja wenyewe: kinapanda ndani ya zile zile chembe nyeupe na kuzunguka nazo kwenye damu. Ni kama mwizi amekaa ndani ya gari la polisi. Kingamwili za chanjo ziko nje, yeye yuko ndani. Tena kawaida seli iliyoambukizwa hubandika vipande vya kirusi kwenye ngozi yake ili askari waje waiue, hiki kinazivuta zile protini za kubandikia, zinapungua. Na kina protini nyingine, gG, inayonasa kemikali za kuwaita askari.

Kikifika kwenye mishipa midogo ya tumbo la uzazi au uti wa mgongo, mishipa inavimba, damu inaganda, sehemu ile inakosa hewa. Ndiyo mimba inatoka ghafla, ndiyo miguu inakataa. Chanjo inapunguza kusambaza na mimba kutoka, lakini hakuna inayoahidi kuzuia hiyo ya miguu.

Uchovu wa safari unaweza kukiamsha. Kuna farasi wenu aliyesafirishwa karibuni?

Kijana_wa_Dubai
Nilifanya kazi kwenye mazizi huko Uarabuni miaka sita. 2021 ilipolipuka Valencia, Hispania, mashindano karibu Ulaya nzima yalisimamishwa, na sisi huku mbali tulikuwa tunapima joto asubuhi na jioni kila farasi bila kukosa. Ikipita 38.5 anatengwa palepale kabla hata hajayumba. Kila mmoja ndoo yake na hatamu yake, na mtu wa wagonjwa haendi kwa wazima. Ule mtoto na kondo lake mlivishika na mikono mitupu? Vimejaa kirusi hivyo, fukia. Halafu asitoke farasi hata mmoja kama wiki nne hivi.

MamaPunda_Kapchorwa
Banange, na sisi watu inatushika? Punda wangu anabeba viazi kila siku na watoto wanamkumbatia

VetiMtarajiwa
Hapana mama, binadamu haimshiki. Ila mikono na nguo zako zinaweza kukibeba hadi kwa punda, kwa hiyo ukitoka kwa farasi mgonjwa nawa na sabuni kwanza.

Mchungafarasi_Jinja
Asanteni sana. Sasa nimekumbuka kitu hadi nimekaa chini. Yule farasi mzee wa miaka 22 alipelekwa Kampala kwa lori watoto wampande kwenye sherehe, njiani foleni na jua, karudi amechoka vibaya, tukamweka banda moja na huyo jike. Ni kama wiki tatu hivi. Leo nimempima yeye 37.9, anakula kama hana habari. Ila dume mweusi wa pembeni yake 39.3. Nimemhamishia kwenye kibanda cha nyasi na ndoo yake nimeifunga kamba nyekundu. Bosi nitamwambia jioni, bado anatafuta sumu.