"Je" si swali na "jne" si Jumanne: naomba jina langu litolewe kwenye kile kijitabu cha asembla

Asalaam alaykum wakubwa na wadogo.

Naandika nimekasirika, tustahamiliane. Juzi saa nne za usiku kanipigia simu kijana wa Wete, simjui, namba yangu kaipata kwa mwenzake. "Mwalimu samahani, huu mstari wa ukurasa wa 31 mbona kama unaniuliza swali?" Nikamwambia hebu nisomee. Akasoma: "Je, mwisho?"

Wallahi kicheko kilinijia, halafu nikakumbuka kuwa ukurasa wa pili wa kijitabu hicho pameandikwa kwamba kimesahihishwa na mimi, jina kamili, na Chake Chake yangu mbele. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Kwa asiyejua kadhia yenyewe: kuna kituo kimoja cha Unguja mjini kinachosomesha kompyuta jioni, jina nalihifadhi. Mwaka jana waliniletea kwa boti mswada wa kurasa 84 wa kufundishia asembla ya NASM kwa Kiswahili, wakaniomba niusahihishe. Bure. Nikakubali kwa sababu wanafunzi wangu wengi wametoka skuli na Kiingereza cha kubabaisha, na maelezo rasmi ya NASM yako kwa Kiingereza. Asembla, kwa wasiopita huko, ni programu unayoiandikia amri za prosesa mojamoja kwa vifupisho, yenyewe ikazigeuza kuwa namba ambazo mashine inazitekeleza. NASM ilianza 1996, kazi ya Simon Tatham na Julian Hall, na ni ya bure. Kosa la uzi huu si lao hata chembe, msije mkanipeleka huko.

Mistari yangu miwili ya ukurasa wa 31 ilikuwa hivi:

cmp al, 0
je mwisho

Maana yake: linganisha kilichomo ndani ya al (hiyo ni rejista, yaani kijisanduku cha kushikia namba ndani ya prosesa) na sifuri, vikiwa sawa, ruka uende mahali palipopewa jina "mwisho". Hiyo "je" si yetu. Imo kwenye prosesa za Intel tokea 8086 ya 1978, pamoja na ndugu zake jne, ja na jb. Sasa mtu kaja na kalamu yake na Kiswahili chake safi, kaikuta "je" mwanzo wa mstari, kaivisha herufi kubwa, kaitilia koma, kamalizia na alama ya kuuliza. Kwenye mtihani wa Kiswahili huyo anachukua alama zote. Kwenye NASM mstari unarudishwa.

Ukurasa wa 33 ndio uliniumiza zaidi. Niliacha "jne kitanzi", yaani visipokuwa sawa rudi kwenye kitanzi. Kimechapwa "Jumanne kitanzi". Jumanne! Ningehadithiwa nisingeamini. Nashukuru amri ya "lea" imesalimika, nadhani aliona ni kulea mtoto akaipita kwa heshima.

Na msidhani nilipeleka kazi ya ovyo. Nilikaa wiki tatu na kalamu nyekundu, kila baada ya Isha mpaka macho yanakataa. Mswada ulikuwa na "tafazali", ulikuwa na "kumbukubu", rejista imeandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja kana kwamba ni vitu vitatu tofauti. Tena mwandishi alikuwa hatenganishi th na s, kwa hiyo kila panapotakiwa "thamani" kaweka "samani". Soma mwenyewe: "Hamisha samani ya 60 kwenye rax, kisha ita mfumo." Makochi sitini unayaingiza kwenye rejista! Nilihesabu samani 22, zote nikazizungushia duara. Katika kitabu kilichochapwa zimebaki 22 vile vile, hata kiti kimoja hakikutolewa. Bila shaka kompyuta yao haikuzipigia mstari mwekundu kwa sababu samani ni neno sahihi, basi nao wakaridhika.

Lakini samani mtu atacheka aendelee. Kilichonifanya niwashe laptopu usiku huu ni herufi moja ya ukurasa wa 17.

Panatakiwa "section .bss". Pameandikwa "section .bbs". Nilisahihisha, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: HII NI HATARI KULIKO ZOTE. Wameiacha. Mwanafunzi wangu mmoja, binti mtulivu, kaufuata ukurasa ule kama ulivyo. Katenga nafasi moja ya kumbukumbu kwa amri ya resb akaiita "hesabu", chini yake kaandika mov byte [hesabu], 5, yaani weka tano mle. NASM haikumkatalia, ilimpa onyo tu, na kijitabu chenyewe kinasema maonyo yasikushughulishe. Kuunganisha kukapita. Kuendesha: "Segmentation fault", yaani programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, ikakatwa. Kafuta kaandika upya. Ile ile. Siku tatu mtoto wa watu anahisi kichwa chake kibovu, siku ya nne kaniambia anataka kuhamia kozi ya upambaji.

Sababu yake ni hii. NASM inalijua jina .bss, kwa hiyo ukilitaja inakupa eneo la kumbukumbu linaloandikika. Jina .bbs hailijui, lakini haigombi. Inakutengenezea sehemu mpya ya jina hilo kwa masharti yake ya kawaida, na sharti mojawapo kwenye Linux ni kwamba sehemu hiyo ni ya kusomwa tu, haiandikwi. Ukija na tano yako kutaka kuiweka mle, mfumo unakutoa nje. Herufi moja, na hakuna hata mstari mmoja kwenye skrini uliomwambia kuwa kakosea herufi. Halafu mtu ananiambia tahajia ni mapambo.

Kwani ndivyo nilivyojibiwa. Nilipiga simu kituoni siku niliyopokea nakala. Bwana aliyepokea kasikiliza, kasema: "Mwalimu, haya ni makosa madogo ya tahajia, wanafunzi watafahamu tu." Nikamuuliza nani kagusa kodi (ile ya kompyuta, si ya serikali). Kasema walimpa mtaalamu wa lugha apitie baada yangu, "maana nyinyi wa Pemba na Kiswahili chenu mnajijua," na akacheka. Sikucheka. Mie Kipemba changu nakizungumza nyumbani, na nikiandika sanifu naandika sanifu. Huyo mtaalamu wenu wa mjini samani 22 zilimpitaje?

Huku kwetu msimu wa karafuu hata mtoto wa miaka saba anakaa mkekani akachambua, karafuu huku, makonyo huku. Anayechanganya haachiwi gunia. Nyinyi mmempa gunia mtu ambaye mstari wa maelezo na mstari wa kodi kwake ni kitu kimoja, akasafisha makonyo na karafuu akazimwaga.

Jengine ni ile programu waliyochapia. Inakuza herufi ya kwanza ya kila mstari yenyewe, na hakuna aliyeizuia. Amri haziumii, NASM haibagui mov na MOV. Majina unayoyatunga wewe inayabagua. Chini pameandikwa "Mwisho:" kwa M kubwa, juu kuna kodi inayomtafuta mwisho wa m ndogo, na kwa NASM hao ni watu wawili wasiojuana. Alama za kufungulia na kufungia maneno nazo zimepindwa zikawa nzuri kwa macho, ukizinakili kama zilivyo kwenye ile faili yao hazikubaliki.

Na kwenye jedwali la miito ya mfumo (maombi ambayo programu inaupelekea mfumo wa uendeshaji), namba 85, "creat" imeongezwa e ikawa "create". Ndugu yangu, ile e haikusahauliwa na mimi! Unix, mfumo wa uendeshaji ambao Linux imeufuata, imezaliwa nayo hivyo. Ken Thompson, mmoja wa walioiunda, aliulizwa angebadilisha nini lau angeianza upya, akajibu angeiandika creat kwa e. Aliyeiunda mwenyewe kaiacha, wewe wa jioni umeiongeza. Sasa mwanafunzi akienda kuutafuta mwito huo kwa jina lenu haupati. Ni kama lile neno "Referer" la kwenye wavuti, lina r pungufu tokea miaka ya 90, na ukiliandika kwa usahihi ndipo unapokosea.

NYONGEZA, baada ya Isha: nimesoma majibu. Anayeuliza kwa nini sikutaka kuonyeshwa kabla ya kuchapwa: nilitaka. Niliandika ujumbe mara mbili, tiki mbili za buluu, kimya. Anayesema vijana wasome tu Kiingereza: wangu wanasoma, mwezi wa tatu tunahamia huko wote. Miezi miwili ya mwanzo ndiyo nilitaka mtu aelewe rejista ni nini bila kushika kamusi mkononi. Kuna dosari gani? Na wewe unayesema niwadai pesa, sikuwadai siku ya kwanza sitawadai leo.

Ninachotaka ni jina langu litoke kwenye nakala zilizobaki, na nakala zijazo zisiwe nalo. Nimeshawaandikia, hili ni kwa walionunua.

Mwenye kijitabu achukue kalamu. Ukurasa wa 17, mstari wa sita, .bbs iwe .bss. Ukurasa wa 31 ondoa koma na alama ya kuuliza. Ukurasa wa 33 Jumanne irudi jne. Ukurasa wa 40 lebo zote (yale majina ya kutunga, kama "Mwisho:") ziwe herufi ndogo, na ukurasa wa 58 futa ile e. Samani kila unapoikuta ni thamani. Ukurasa wa pili, mstari wa nne kutoka juu, kata jina langu mpaka lisisomeke.